Siku Kumi na Nne za Bure

Nimepakua programu tatu.
Kila moja imenipa siku kumi na nne za bure,
kama muuza jibini wa soko la Gyumri
anayekukatia kipande, akijua
utaona haya kuondoka mikono mitupu.

Ya kwanza haina subira.
Naifungulia uso, nayo imeshamaliza:
chunusi, mabaka, vifuko chini ya macho,
vyote vimefagiwa kabla sijavuta kiti.
Maharusi wataipenda.
Lakini nilipoipa uso wa baba yangu
ilinirudishia yai lenye masharubu.

Ya pili ina vitelezi sitini na kitu
na inadai kodi mwezi hata mwezi,
kama mwenye nyumba. Nikikosa kulipa
picha zangu zitabaki nje zikigonga mlango.

Ya tatu ni nzito, imekaa kama sanduku la fundi bomba.
Tabaka juu ya tabaka, brashi nyembamba kama kope,
na kompyuta yangu huguna ikiifungua.
Hulipiwa mara moja tu. Bei yake
ni gesi ya kupasha studio joto Januari nzima.

Nilikuwa bado napima
alipoingia Bibi Hripsime, theluji mabegani,
akatua mkoba juu ya kaunta:
"Nipige picha ya kaburi."

Huku kwetu sura huchongwa kwenye jiwe jeusi,
nukta kwa nukta, na wengi
hawapendi kuwaachia watoto kazi ya kuchagua.
Kwa hiyo sikushtuka. Nikawasha taa.
"Ila," akasema, "unipunguzie miaka thelathini na saba."

Mumewe, Vardges, yuko pale tayari,
nusu ya kulia ya jiwe, tangu tetemeko la Desemba.
Ana miaka thelathini na miwili. Kola wazi,
nywele zimelala upande kama zimelambwa na ndama.
"Nikikaa kando yake na uso huu
wapita njia watasema: maskini, mama na mwanawe."

Ya kwanza ilimfanya binti wa tangazo la sabuni.
"Huyu simjui," akasema, "na Vardges asingemwoa,
meno yote hayo."
Ya pili tulisogeza vitelezi mpaka chai ikapoa.
Mikunjo iliondoka, na ilipoondoka
iliondoka na kitu kingine, sijui nikiiteje,
ile hali ya mtu anayetaka kukukatiza maneno.

Nikampelekea Nshan mchongaji zote mbili.
Akaziinua dirishani. "Sindano yangu ishike wapi?
Hapa hapana njia. Nichonge sahani?"
Kisha, akifuta vumbi kwenye kope:
"Jiwe, dada, si kama mashine zako.
Kufuta halijui. Kuongeza linajua."

Nilirudi mbio, nusura niteleze kwenye barafu.

Usiku ule nikaifungua ile nzito,
nikaingiza sura ya Vardges niliyoipiga makaburini,
nikatandika tabaka tupu juu yake
na kuanza kumzeesha.
Bibi Hripsime alikuwa begani pangu.
"Baba yake alianza upara hapo. Hapana, juu kidogo.
Mashavu yangebonyea, kwa sigara zile.
Kati ya nyusi mkunjo mmoja, wa kina,
huo ungekuwa kazi yangu mimi."
Nilipozidisha kidevu alinipiga kofi la mkono.
Saa nane usiku tukamaliza, mstari kwa mstari,
ndoa ambayo haikupata nafasi.

Alimtazama. Si mimi aliyeambiwa:
"Umechelewa."

Picha yake mwenyewe sikuigusa,
isipokuwa uzi wa sufi uliokuwa kwenye kola.
Nshan atachonga barafu ikiyeyuka.

Siku ya kumi na nne nikalipia ile ya tatu.
Studio ina baridi. Bibi harusi wa leo
amenung'unika mwanzo mpaka mwisho, pua nyekundu.
Ninayo brashi ya hiyo.